Kichocho Kiko Pemba, Msimamizi Yuko Ng'ambo

Nauli ya boti imepanda tena, na pale mkondo wa Nungwi bahari ilichafuka mpaka mifuko ya kutapikia ikaisha. Nyumba ya wageni Chake Chake ikanitoza bei ya mtalii, na feni haizunguki.

Nilikwenda kwa utafiti wangu wa uzamivu (PhD) juu ya kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoambukizwa kwenye maji yenye konokono. Katika skuli moja ya kijijini nilimkuta mzee wa maabara kakaa kwenye dawati la watoto, anasukuma mkojo kwa bomba la sindano upite kwenye kichujio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utazame."

Chini ya darubini palikuwa na yai la mnyoo wa kichocho, mviringo mrefu wenye mwiba mfupi nchani. Akanieleza kwamba watoto huchukuliwa sampuli kati ya saa nne na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Akanitajia bwawa lenye konokono, na lile ambalo watoto huliogelea wakitoka chuo cha Kurani. Kisha akauliza:

"Na mwalimu wako yuko wapi?"

Nikamwambia msimamizi wangu yuko Ulaya, tunaonana kwa intaneti ikiruhusu.

"Basi mayai haya anayaona nani?"

Usiku ule sikulala, na si kwa joto tu. Idarani kwetu wenye uzamivu wanahesabika. Hao hao wanafundisha, wanatibu, wanasimamia wanafunzi wengi, na rasimu ya sura moja hukaa miezi bila kusomwa. Mwanafunzi naye anajilipia ada, kwa hiyo anakusanya data za miradi ya wengine ili ale. Ndiyo maana naupenda mpango wa CARTA, muungano wa mafunzo ya juu ya utafiti Afrika, ulioanza 2008: wahadhiri wa vyuo vya Afrika wanasomea uzamivu wakiwa kwenye vyuo vyao, na hukutanishwa kwa semina za pamoja hatua kwa hatua. Na vifaa Pemba vipo. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi tangu 2000. Kinachotakiwa ni fedha za kumlipa msimamizi muda wake, na nauli ya kuvuka aje akae na mwanafunzi bwawani.

Nimeiandikia idara. Kanuni inataka wasimamizi wawe na uzamivu, sawa. Nimeomba mzee yule aitwe kwenye kamati yangu kama mjuzi wa kazi, alipwe posho, na jina lake liandikwe kwenye makala. Jibu bado.