Bandvagn: gari la theluji linalopinda katikati

Mara yangu ya kwanza kupanda Bandvagn 206 ilikuwa kaskazini mwa Uswidi, ninakofanya kazi ya ufundi wa magari. Lilikuwa gari kuukuu lililowahi kuwa la jeshi, na mwenyewe sasa hulitumia kuwafikisha mafundi wa nyaya za umeme katikati ya misitu. Liliposimama nilifungua mlango, nikashuka kama mtu anavyoshuka kwenye gari lolote, nikazama hadi mapajani. Kando yangu, juu ya theluji ileile, gari la tani 4 na nusu kabla ya kupakiwa lilikuwa limetulia, na njia liliyoichimba haikufika hata magotini.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba sifa ya gari hili si nguvu, bali ni wepesi wa kukanyaga. Watu huzoea kusema minyororo kwa sababu ya vifaru, lakini hili lina mikanda minne ya mpira, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 62, nayo hutandaza uzito wote hadi mgandamizo wake ardhini ukawa mdogo kuliko wa mguu wa mtu anayetembea. Bodi ni ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Kwa sababu hiyo gari huelea, na likifika mtoni huingia tu na kuvuka, mikanda ikipiga maji kama makasia.

Lakini linalonivutia zaidi kama fundi ni kiungo. Gari lina mabehewa mawili. La mbele lina injini na dereva, la nyuma hubeba watu 11 au mizigo. Kifaru hukata kona kwa kuupunguzia mwendo mnyororo wa upande mmoja, na mnyororo huo unapoburuzwa huchana tabaka la juu la theluji au majani ya kinamasi, yaani kile kile kilichokuwa kikiubeba uzito. Bandvagn haiburuzi chochote. Dereva anapozungusha usukani, pistoni mbili za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta yenye shinikizo, huyapinda mabehewa pale yanapoungana, huku shafti ikiendelea kupeleka nguvu nyuma, hivyo mikanda yote minne huendelea kuvuta hata kwenye kona. Behewa la mbele likitumbukia kwenye shimo, la nyuma hulisukuma. La nyuma likikwama, la mbele hulivuta.

Mtangulizi wake, Bandvagn 202, alitengenezwa na Bolinder-Munktell kuanzia miaka ya 1960. Makomandoo wa majini wa Uingereza walikwenda nayo kwenye vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, kwenye udongo wa mboji uliolowa, ambako magari ya magurudumu yalihangaika sana. Wakati huo kiwanda cha Hägglunds, mjini Örnsköldsvik, kilikuwa kimeshaanza kuunda 206, ambayo ilikuja kutengenezwa zaidi ya 11,000.

Baadaye vita vilidai chuma. BvS 10, gari jipya zaidi la ukoo huu ambalo Waingereza waliliita Viking na kulipeleka Afghanistan, lina bodi ya kuzuia risasi na uzito wake unazidi tani 10. Siwezi kulaumu, kwa kuwa waliomo ndani ni watu. Hata hivyo kila kilo ya chuma hulipiwa kwenye theluji. Nilifurahi mwaka 2022 jeshi la Marekani lilipochagua Beowulf, gari jingine la mabehewa mawili ambalo halina silaha wala deraya, lichukue nafasi ya 206 zake zilizozeeka.

Mwenye gari lile hufanya jambo moja kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Huinama kati ya mabehewa, huvua glavu licha ya baridi, na kupitisha vidole polepole kwenye mipira ya haidroliki akitafuta unyevu wa mafuta, kwa sababu mpira mmoja ukipasuka msituni, usukani hauna tena cha kupinda.