Kulwa alianguka, Doto akatua

Nianze na uzito: kilo 11 na nusu. Ukimwambia mtu unarusha ndege ya rimoti, picha inayomjia ni ile ya mtoto, ya kurushwa sebuleni mpaka igonge pazia. Hii yangu bawa lake, ncha hadi ncha, ni mita 2.44. Kwenye bajaji haiingii. Inasafiri kwa kirikuu, mabawa yamevuliwa na kuvishwa blanketi kama mgonjwa.

Ni Hawker Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, imepunguzwa mara tano. Ile halisi ilikuwa na mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha. Nimejenga mbili, moja baada ya nyingine, na kwa kuwa mimi ni Msukuma sikuhangaika na majina: ya kwanza Kulwa, ya pili Doto, kama mapacha.

Wengi huuliza kwa nini si Spitfire, ile ndege nyingine ya kivita ya Waingereza ya vita hiyohiyo. Spitfire ni nzuri, sikatai, lakini miguu yake imekaribiana kama ya mtu anayebana mkojo, na bawa lake ni jembamba. Uwanja wangu ni malisho ya ng'ombe. Hurricane miguu yake imetanuka, inakunjwa kuelekea ndani, na bawa lake ni nene, linasamehe kidogo. Tena nusu yake ya nyuma, hata ile halisi, ilikuwa fremu iliyovishwa kitambaa, kwa hiyo na mimi nikavisha kitambaa bila kujiona nadanganya. Mwaka 1940, kwenye vita ya anga juu ya Uingereza, Hurricane ziliangusha ndege nyingi za Wajerumani kuliko Spitfire. Sifa zikaenda kwa mrembo.

Kazi yangu ni fundi wa majokofu, hapa Mwanza, na wateja wangu wengi wanauza samaki. Ndiko nilikopata bawa. Yale maboksi meupe ya povu yanayosafirishia minofu ya sangara, likipasuka kona halina kazi tena, linatupwa. Nilikusanya, nikaosha, nikabandika vipande vitatu vitatu kwa gundi, halafu nikakata umbo la bawa kwa waya wa moto. Katikati nikapitisha bomba la aluminiamu, juu nikafunika plaiwudi nyembamba. Bawa lilinuka samaki miezi miwili. Paka wa jirani alikuwa analala mlangoni kwangu akisubiri nimpe hiyo kitu niliyoificha.

Sevo (mota ndogo za kusukuma usukani), risiva (kinachopokea amri za rimoti) na injini niliagiza China. Vikafika Dar, vikapanda basi kama kifurushi. Injini ni ya petroli, cc 55, inachanganywa na oili, mililita 25 kwa lita. Nilipoiwasha nyumbani ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Siku tatu hivyo hivyo. Mwisho nikaibeba mpaka Mwaloni, Kirumba, kwa fundi anayetengeneza mashine za mitumbwi. Aliitazama kama mtu aliyeletewa kifaranga.

"Hii imefungwa wapi kabureta yake?"

"China, fundi. Imetoka hivyo kiwandani."

Akavuta kamba, akasikiliza, akanusa moshi. "Huyu anakunywa petroli ya Dar kwa pumzi ya Mwanza," akasema.

Alikuwa sahihi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 28, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 12. Petroli inaingia ileile, hewa ni pungufu, injini inapaliwa. Fundi akakaza sindano ya kabureta kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, ikaanza kunguruma vizuri. Akanionya: mashine ya mtumbwi inapozwa na maji, hii yangu na upepo tu, nikibana petroli kupita kiasi pistoni itaungua. Hakutaka hela. Alitaka kuiona ikiruka.

Ile sentensi yake ilikuwa na jibu la matatizo yangu yote, si ya kabureta peke yake. Sikuliona. Ilinigharimu Kulwa.

Lakini kwanza mizani, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ndege ya namna hii lazima ikae sawa ukiinyanyua sehemu moja maalumu ya bawa, na kwenye ramani yangu sehemu hiyo ilikuwa sentimita 12 kutoka ukingo wa mbele, pale bawa linapoungana na mwili. Pua nzito kidogo, unaruka kwa taabu. Mkia mzito kidogo, huruki mara ya pili. Hurricane ina pua fupi, kwa hiyo mkia hushinda. Nilitupa kamba juu ya tawi la mwembe, nikaining'iniza ndege kwenye alama, mkia ukashuka moja kwa moja mpaka kwenye mchanga. Nikaenda tena Mwaloni, safari hii kununua risasi, vile vipande vizito vya kuzamishia nyavu. Nikawa nazifunga mbele ya injini moja moja, naachia, natazama, naongeza. Zilifika gramu 640 ndipo mkia ukapanda, ukatulia, ndege ikakaa juu ya vumbi kama mwewe anayetafuta kifaranga. Mke wangu alipita na ndoo akasema, "Sasa hapo umeshafaulu, iache hapo hapo."

Vibali sitaviongelea sana. Nilianzia kwa mamlaka ya usafiri wa anga, nikamalizia kwa serikali ya kijiji, na karibu na uwanja wa ndege wa Mwanza sikuthubutu hata kuwaza. Uwanja nilioupata uko upande wa Magu, kando ya Ghuba ya Speke: malisho marefu yaliyonyooka, majaruba ya mpunga upande mmoja, ziwa upande wa pili.

Mwenye malisho ni mzee. Siku ya kwanza alikuja amejitanda shuka, fimbo begani. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikia, akaizunguka ndege mara mbili bila neno. Rangi ya kijani na kahawia ilimsumbua.

"Hii haina bomu?"

"Hapana, baba. Ni mbao na maboksi ya samaki."

Akaniambia habari za Machi 1979, wakati wa vita na Amin, ndege ya Libya ilipokuja kuipiga Mwanza ikaukosa mji, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Yeye alikuwa kijana, habari iliwafikia huku siku ileile. "Waliua swala," akarudia, kama jambo ambalo bado hajalielewa. Kisha akaenda kuhamisha ng'ombe wake.

Kulwa aliruka vizuri. Propela inavuta pua kushoto wakati wa kukimbia, kwa hiyo unashikilia usukani wa mkia kulia tangu mwanzo, usingoje ianze kupinda. Mkia ukanyanyuka, magurudumu yakaacha nyasi, akapanda. Nikakunja miguu. Sauti ile juu ya ziwa saa nne asubuhi, upepo haujaanza, siwezi kuieleza. Wavuvi wawili walisimama ndani ya mtumbwi.

Dakika saba baadaye nikamleta kutua. Nilikuwa nimejifunza kwa ndege ndogo ya kilo mbili, na ndogo unaipunguza, unaipunguza, inaelea kama karatasi. Nikampunguza Kulwa hivyo hivyo. Kwenye kona ya mwisho nikaona anapanua kona kupita kiasi, nikavuta pua juu nimbane. Bawa la kushoto likaachia hewa, yaani likaacha kubeba, akageuka chali bila hata kutikisika, akaingia jarubani. Ilikuwa Juni, majaruba mengine bado yana maji. Injini ilizama kwenye tope mpaka kwenye kabureta. Vipande vyeupe vya maboksi vikaelea, na kimoja kilikuwa bado na maandishi ya kiwanda cha samaki.

Nililaumu rimoti. Nililaumu betri. Kwa shemeji yangu niliulaumu hata upepo, ambao haukuwepo. Mpwa wangu wa darasa la sita ndiye aliyekuwa amerekodi kwa simu, na ile video niliikataa wiki nzima.

Nilipoifungua nikaona kitu. Kabla ya ile kona Kulwa alipita mbele ya mikatani miwili iliyoota pembeni. Nikarudi uwanjani na kamba, nikapima: mita 60. Kwenye video alitumia sekunde 4.3. Hiyo ni kama kilomita 50 kwa saa. Nikapiga hesabu ya uzito, ukubwa wa bawa na hewa ya hapa, nijue ni mwendo gani bawa linaachia hewa, na jibu likawa kilomita 50. Yaani alikuwa pembeni kabisa mwa shimo hata kabla hajakunja. Na kwenye kona mambo ni mabaya zaidi: ukiilaza ndege digrii 45 huku unashikilia kimo, mwendo ambao bawa linaachia hewa unapanda kwa asilimia 19. Kwa Kulwa hiyo ni karibu 60. Angekuwa Dar angepata nafuu ya kilomita tatu hivi. Huku kwetu ni pumzi ya Mwanza.

Na jicho linadanganya. Ndege kubwa, kwa ukubwa wake, huonekana inajikokota hata ikienda kasi. Hicho ndicho kilichoniponza: nilimwona mpole, nikadhani ana akiba.

Doto nilimjenga kwa miezi kumi na moja, injini ileile baada ya fundi wa Mwaloni kuifungua na kuiosha tope. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Ulimnyima mwendo?" Nikamwambia ndiyo.

Rubani wa kweli ana saa ya mwendo mbele yake. Mimi nimesimama chini, sina. Nikatafuta njia. Nilichomeka miti miwili yenye vitambaa vyekundu pembeni mwa njia ya kutulia, mita 60 kati yake. Nilitaka Doto aje kwa kilomita 65, yaani sekunde tatu na kitu kutoka mti hadi mti. Mpwa wangu nikamfundisha kuhesabu sekunde kwa sauti, tukafanya mazoezi na saa ya simu na pikipiki zinazopita barabarani mpaka hesabu yake ikanyooka. Sheria ikawa moja: akitamka "nne" kabla Doto hajafika mti wa pili, naongeza mafuta, sibishani na mtoto. Hii inafanya kazi hewa ikiwa imetulia tu. Mchana upepo wa ziwani ukishaanza kuvuma usoni, ndege inachelewa kwenye miti ilhali mwendo wake hewani ni mzuri, na hesabu inakuwa uongo. Kwa hiyo kabla ya saa tano ama turushe ama turudi nyumbani. Asubuhi mbili tulirudi nyumbani, moja kwa ajili ya upepo, nyingine wale wadudu wadogo wa ziwani walipanda kama moshi na kuingia mpaka kwenye kabureta.

Ya tatu ilikuwa shwari. Fundi wa Mwaloni alikuja kwa pikipiki, na mzee alikuwepo na fimbo yake. Doto akapanda. Juu kabisa nilimpunguza makusudi mpaka bawa likaachia, nione anavyoanguka kukiwa na nafasi: aliangukia kushoto, kama pacha wake. Nikasukuma pua chini, nikaongeza mafuta, akarudi. Nikafanya hivyo mara tatu. Mkono uliacha kutetemeka kwenye ya tatu.

Kisha miguu chini, flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa) chini, kona pana, nimemlaza kidogo tu. Alionekana anakuja kasi kupita kiasi. Kila mshipa wa mwili wangu ulitaka kupunguza.

"Moja," mpwa akaanza. "Mbili. Tatu." Kitambaa cha pili kikapepea nyuma ya mkia. Nikayaacha mafuta yalivyokuwa. Alipovuka kichaka cha mwisho ndipo nikayatoa taratibu, magurudumu yakagusa nyasi, yakaruka kiganja kimoja, yakagusa tena. Mkia ukashuka. Akakimbia akipunguza, akapita kwenye kwato za ng'ombe akitikisa mabawa, akasimama, propela bado inazunguka polepole.

Hakuna aliyesema kitu. Nyuma yangu mpwa alikuwa amekaza macho, amesahau kuacha, bado anahesabu. "Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja."

"Basi, mjomba," fundi akamwambia. "Ameshafika."