Kota za Reli, Makongeni hadi Pullman

Mtu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hajitambulishi kwa jina la mji. Atakwambia anatoka Maringo, Jericho, Kaloleni au Mbotela, na ukimchimba zaidi atakutajia hadi nambari ya mlango. Dada yangu amekaa Chicago muda mrefu, na anasema watu wa huko nao ni hivyohivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliugawa mji huo kwa maeneo katika miaka ya 1920, na leo yako 77, kila moja na nambari yake. Yeye yuko Rogers Park, nambari 1, kaskazini kabisa karibu na ziwa.

Nilipomtembelea nilitaka kuona nambari 50, Pullman.

"Kuna nini huko, mdogo wangu?"

"Kota za reli, dada."

Hakuuliza tena. Sote wawili tumezaliwa Makongeni, watoto wa fundi wa karakana ya reli.

George Pullman, tajiri wa mabehewa ya kulala, alianza kuujenga mtaa huo mwaka 1880, kilomita 20 hivi kusini mwa katikati ya mji. Nyumba ni za matofali, zimeungana ukuta kwa ukuta, na ukizitazama vizuri unajua nani alikaa wapi: wasimamizi walipewa nyumba pana, vibarua vyumba vya kubanana. Hapo nikaiona Nairobi ya wazee wetu. Wakubwa wa Kizungu wa reli walikaa kule Hill, Wahindi Ngara, na Waafrika kwenye landi za Muthurwa, yaani nyumba za safu za wafanyakazi, chumba kimoja, bomba la pamoja, choo cha pamoja.

Mfanyakazi wa Pullman hakuruhusiwa kununua nyumba aliyokaa. Aliyemlipa mshahara ndiye aliyemdai kodi. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, kampuni ikapunguza mishahara na kodi ikabaki palepale. Mei 1894 wakagoma. Chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Eugene Debs kikawaunga mkono, treni zikakwama sehemu kubwa ya Marekani, serikali ikatuma wanajeshi na mgomo ukavunjwa. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Illinois ikaiamuru kampuni iuze nyumba hizo.

Lakini kilichonikaa moyoni ni habari ya 1960. Uliletwa mpango wa kubomoa mtaa, kuanzia barabara ya 111 hadi ya 115, pajengwe viwanda. Wakazi wakaunda chama chao, wakakataa. Nyumba zipo hadi leo, na mwaka 2015 Rais Obama aliutangaza mtaa huo kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Wala si makumbusho matupu, watu wanaishi humo. Mama mmoja tuliyemkuta akipaka rangi ngazi za mbele alituambia hawezi kubadilisha hata mlango wake bila kibali, kwa sababu sura ya mtaa inalindwa. Alilisema hilo kwa fahari kabisa.

Huku kwetu mitaa ya zamani ya Eastlands inazidi kupungua. Ghorofa zinahitajika, sipingi hilo. Watu ni wengi na nyumba za miaka ya 1940 haziwatoshi. Ninachotaka ni wanaokaa humo waulizwe kabla ramani haijachorwa, na angalau safu moja ibaki imesimama. Mjukuu wa fundi wa reli anastahili kuona babu yake alipikia wapi. Ukumbi wa Kaloleni, uliosikia hotuba za kupigania uhuru, hauwezi kujengwa mara ya pili.

Nimeanza kuwafuata wazee waliobaki na kuandika nani alikaa mlango upi. Kama mzazi wako alifanya kazi reli na nyumbani kuna picha iliyopigwa nje ya kota, iwe Makongeni, Muthurwa au Landi Mawe, naomba niione. Andika nyuma yake majina ya waliomo, na mwaka kama mnaukumbuka.