Mbona Kwangu Inafanya Kazi?

Binti aliyejiunga nasi kwa mafunzo ya kazini leo ameuwasha mradi mzima kwenye laptopu yake kabla ya adhana ya adhuhuri. Alitoa amri moja, akaenda kununua viazi karai, na aliporudi ukurasa wa kuingilia ulikuwa unamsubiri, hifadhidata imeshajazwa data za majaribio. Swali lake la kwanza likawa: "Kaka, hili jedwali la mizigo mbona lina safu mbili za tarehe?"

Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Mgeni anatakiwa kuuliza habari za kazi yenyewe. Kabla yake, wageni wetu walikuwa wanauliza ni toleo gani la lugha ya Python, na faili la mipangilio liko wapi, na nani ana nenosiri. Maelezo ya kuanzia tulikuwa nayo, yameandikwa vizuri tu, ila maelezo yakipitwa na wakati hukaa kimya. Skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha kama ile aliyoiwasha binti, ikipitwa na wakati hugoma, na mtu analazimika kuitengeneza siku hiyo hiyo.

Tunafanya mfumo wa mawakala wa kutoa mizigo bandarini, na mashine zetu ni mchanganyiko: laptopu za mtumba zenye Windows, mbili tatu za Linux, na Mac ya bosi. Hapo ndipo "mbona kwangu inafanya kazi?" ilikuwa wimbo wa kila siku, na anayeuliza hasemi uongo hata kidogo. Windows haijali ukiliita faili Risiti au risiti. Linux ya kwenye seva inaona hayo ni mafaili mawili tofauti. Windows huweka alama mbili mwishoni mwa kila mstari, Linux huweka moja, kwa hiyo skripti iliyoandikwa vizuri ofisini ilifika kwenye seva ikalalamika kwamba faili halipo, nalo liko pale pale mbele ya macho.

Docker, programu ya kufungasha msimbo na mahitaji yake ndani ya kisanduku kiitwacho kontena, iliyotoka hadharani mwaka 2013, ilitupunguzia mengi ya hayo, kwa sababu sote tunaendesha msimbo ndani ya kontena zilizojengwa kwa maagizo yale yale. Siipigii debe kupita kiasi. Kwenye laptopu ya GB 4 yenye Windows inaguna mpaka unaihurumia, na wenye mashine hizo wana skripti yao ya kawaida ya kuweka kila kitu juu ya Linux, bila kontena. Halafu kuna suala la bando. Mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilitua hapa Mombasa mwaka 2009, na mtu wa mbali angedhani tunaoga intaneti. Ukweli ni kwamba kijana wa Kisauni akifanya kazi nyumbani anakula data aliyoilipia mfukoni. Ndiyo maana katika maagizo ya kujenga tunaweka maktaba (msimbo wa watu wengine tunaoutumia) kwanza na msimbo wetu mwisho. Kila hatua huhifadhiwa kama tabaka, na ukibadilisha mstari mmoja wa msimbo hutalazimika kuzishusha maktaba zote upya. Alpine, Linux ndogo ya kujengea kontena yenye MB 5 hivi, ilitutamanisha, lakini maktaba zetu kadhaa za Python hazikuwa tayari kwa ajili yake, zikawa zinajengwa kutoka mwanzo. Tukabaki na Debian nyembamba, Linux nyingine.

Upande wa kupandisha kwenye seva, zamani mtu mmoja alikuwa anaingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, usiku wa manane, anavuta msimbo, anabadilisha hifadhidata, anawasha huduma upya na kumwachia Mungu. Usiku, ati hakuna mtu. Bandari gani hiyo isiyokuwa na mtu usiku? Sasa msimbo ukiunganishwa kwenye tawi kuu, majaribio hujiendesha, imeji (kifurushi cha kuwashia kontena) hujengwa na kupewa namba yake ya Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, seva inaivuta na kuiwasha kando ya ile ya zamani. Ikiitika inapoulizwa hali, Nginx, programu inayopokea maombi ya wateja, huelekezwa kwake. Isipoitika, wateja hawajui hata kama kulikuwa na jaribio. Tunapandisha saa nne asubuhi, kila mtu yuko macho. Ijumaa mchana bado nimeikataa: mtambo huu wa kupandisha hauendi msikitini wala kwa mamake Likoni, lakini mimi naenda.

Sasa zile safu mbili. Seva yetu inafuata UTC, saa za kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo siku ya seva inageuka saa tisa usiku yetu. Mzigo uliosajiliwa saa saba usiku ulikuwa unaandikwa tarehe ya jana, na tozo za kuhifadhi mzigo huhesabiwa kwa siku, basi unaweza kufikiria simu za mawakala. Kwenye laptopu zetu, zilizowekwa saa za Nairobi, kosa hilo halikuonekana kamwe. Lilijitokeza mezani kwa kila mmoja wetu tulipoanza kutumia kontena zinazofuata saa za seva.

Nikamweleza kwamba safu mpya inahifadhi wakati kamili, na ya zamani hatukuifuta makusudi. Msimbo unarudi nyuma kwa dakika moja. Data iliyofutwa hairudi hivyo. Ukiondoa safu leo kisha toleo jipya likakataa, toleo la zamani utakalolirudisha litaitafuta safu hiyo na kuikosa. Kwa hiyo kwanza unaongeza, unaandika kote kuwili, unanakili ya nyuma, unahamisha usomaji, na kufuta kunasubiri toleo la baadaye kabisa. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Hakuna mtambo utakaokufanyia, kwa sababu mtambo hupandisha chochote ulichoupa.

Kilichobaki kwa mkono ni kurejesha hifadhidata. Nakala hujichukua zenyewe kila usiku, lakini skripti ya kuzirejesha kwenye seva tupu na kuhakiki idadi ya rekodi bado iko nusu. Inakwama kwenye ruhusa za mtumiaji wa PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu. Kesho naanzia hapo, umeme ukiwepo.