Pikipiki Iliyosimama kwa Miguu Miwili

Mwaka 2014, wakati wa masika, mjomba wangu aliyekuwa baharia alirudi Tanga akaniletea modeli ya kuunganisha aliyoinunua Japani: roboti ya plastiki ambayo ikishakamilika hugeuka pikipiki pasipo kung'olewa kipande hata kimoja. Pikipiki za aina hiyo nilizifahamu kupitia Genesis Climber Mospeada, katuni iliyoanza kuonyeshwa Japani Oktoba 1983, ambayo pikipiki zake zilibuniwa na Shinji Aramaki na Hideki Kakinuma. Humo mpanda pikipiki huivaa mwilini kama deraya, magurudumu yakakaa mgongoni. Modeli yangu haikuwa ya katuni hiyo, lakini wazo lilikuwa lile lile, na hadi leo naliona kuwa miongoni mwa mawazo mazuri kabisa katika ubunifu wa roboti.

Maelekezo yalikuwa ya Kijapani, lugha nisiyoijua, ila michoro ilijitosheleza. Nilitandika gazeti barazani kwetu Ngamiani, nikavikata vipande kutoka kwenye fremu zake na kuvisafisha kwa kiwembe na msasa. Kichwa, kifua na tanki vilikamilika haraka. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye viungo.

Mkono mmoja mwembamba ndio uliobeba gurudumu la mbele. Pikipiki ilipokuwa pikipiki, mkono huo ulikuwa foku. Roboti iliposimama, ulizunguka ukapita ubavuni mwa bega kwenda mgongoni, na nafasi iliyobaki kati yake na bega haikuzidi unene wa karatasi. Ndani ya kiungo mlikuwa na kikombe kidogo cha plastiki laini kilichoshika pini. Gundi ya modeli huiyeyusha plastiki ngumu ili pande mbili ziwe kitu kimoja, lakini ile laini haiishiki. Hatari ni kwamba gundi nyepesi hujipenyeza yenyewe kwenye ufa, na ikiifikia pini ngumu iliyogusana na ukuta mgumu, kiungo hakizunguki tena. Kwa hiyo niliigusisha gundi kwa ncha ya brashi, mbali na pini, nikaiacha itambae hadi nilipoona mstari wa maungio umelowa, kisha nikaondoa brashi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi wa bodaboda, mtu mzima ambaye sote mtaani tulimwamkia. Alivuka kuja kutazama, akauchukua ule mkono, akauzungusha taratibu huku ameuinamia.

"Mwanangu, hapa hamna plei, hamna nafasi ya kucheza," akasema. "Sasa hivi inapita. Ukishapaka rangi itakwama, au itajikwangua."

"Nifanye nini, fundi?"

"Piga msasa pande zote mbili kabla ya rangi. Rangi nayo ina unene wake. Hata bushi ikikaza mno, shafti haizunguki."

Nilifanya kama alivyosema, kwa msasa laini uliolowekwa maji, nikipima kila baada ya muda mfupi, maana ukizidisha, gurudumu linalegea na pikipiki haisimami wima. Kuhusu rangi alinionya jambo jingine: nisipulize asubuhi wala jioni. Unyevu wa masika ukiingia kwenye rangi ya kupuliza inapokauka, uso wake hufanya ukungu mweupe, na yeye alikwisha kuliona hilo kwenye matanki ya pikipiki. Nilisubiri mchana wenye jua kali, nikapuliza rangi nyekundu kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka.

Ilipokauka kabisa, niliibeba hadi kwenye benchi la fundi, na mjomba akaja. Nilikunja miguu, nikashusha kifua, nikauzungusha ule mkono. Ulipita ubavuni mwa bega bila kuligusa, foku ikaingia mahali pake kwa mlio mdogo, na pikipiki ikasimama kwa magurudumu yake mawili. Fundi aliisukuma kwa kidole ikatembea. Mjomba akataka kuirudisha yeye mwenyewe iwe roboti, nami nikamwelekeza hatua kwa hatua.

Goti la kulia lilianza kulegea wiki ile ile kwa wingi wa waliotaka kuigeuza. Nilichomoa pini, nikaipaka supagluu nyembamba, nikaiacha ikauke kabisa kabla ya kuirudisha, na goti likakaza tena.