Karabai ilipozimika makaburini

Pasaka ya 1996 iliangukia tarehe 7 Aprili. Nilikuwa na miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, nasoma shule ya kutwa na nakaa kwa bibi yangu mzaa mama kule Rungwe, Mbeya, chini ya mlima kabisa, upande ule ambao mvua ikianza haijui kukata. Wa Tukuyu mnanielewa. Aprili kwetu ni matope na ukungu, shati unafua Jumatatu, Jumapili unalivaa bado lina unyevu kwenye kola.

Bibi hakujua kusoma ila mwaka mzima alikuwa nao kichwani, na mwaka wenyewe ulikuwa wa kanisa, sio huu wa kalenda ya ukutani. Ukimuuliza maharage tunang'oa lini anakwambia Yesu akishapaa. Ukimuuliza mtoto wa fulani alizaliwa lini anakwambia Majilio, Jumapili ya pili, mvua ilinyesha tukachelewa ibada. Sisi ni Wamoraviani, Waprotestanti, na kwetu kanisa hilo ni la zamani, wamisionari walifika Rungwe 1891, kwa hiyo bibi alizaliwa akakuta kengele inagongwa tayari, na majira yale yalimwingia kama majira ya kupanda.

Januari ya mwaka huo mdogo wangu alifariki. Alikuwa na miaka minane, tulikuwa tunakaa wote kwa bibi. Alianza na homa Jumatatu, Jumatano tukampeleka hospitali, Ijumaa hayupo. Zile siku nne niliomba jamani. Niliomba nimepiga magoti nyuma ya jiko la bibi pale tunapoweka kuni, nikamwahidi Mungu kila kitu mtoto wa miaka kumi na sita anachoweza kuahidi, nikafunga kula bila kumwambia mtu, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba ananisikia, yani nilikuwa nalala nimeshamshukuru. Kanisani ilikuwa majira ya Epifania, tunaimba habari za nuru iliyowatokea mataifa. Tulimzika Jumapili mchana, na kuanzia jioni ile sikuomba tena. Sikumtukana Mungu wala sikuacha kanisa, kwa bibi huwezi kuacha kanisa. Nilikuwa nafumba macho tu, ndani kumekaa kimya. Na jina la mdogo wangu nikaacha kulitamka, hata nikitaka kumtaja nasema "yule".

Kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kumsomea bibi neno la siku kila asubuhi kabla ya chai. Wamoraviani wana hicho kitabu cha mafungu ya kila siku tangu 1731, na fungu la Agano la Kale hupatikana kwa kura huko Herrnhut, Ujerumani, hakuna mtu anayekaa akamchagulia mwenzake. Zamani nilipenda sana jambo hilo, nikisoma naona kama barua imeandikwa kwangu. Kwaresima ile nikawa nasoma kama mtu anayesoma bei za sokoni. Bibi anakaa kwenye kigoda, mikono amefumbata kikombe hata kabla hakijatiwa chai, ananiambia, "Soma, mume wangu," nasoma, anasema "Ndaga," yani asante kwa Kinyakyusa, basi, naenda zangu shule. Hakuniuliza kitu hata siku moja. Nadhani alijua, mana kuna asubuhi nilisoma fungu la jana kwa bahati mbaya na yeye akalijua ni la jana, akaitika "Ndaga" vilevile.

Ikaja Wiki Takatifu. Kwetu kuanzia Jumapili ya Mitende watu wanakusanyika kila jioni, inasomwa ile habari ya siku za mwisho za Yesu, leo kilichotokea leo, kesho kilichotokea kesho, mpaka Ijumaa Kuu. Unakuja umetoka shambani, miguu umeisuuza mtaroni, unakaa kwenye benchi unasikiliza. Sina mengi ya kusema kuhusu wiki ile, nilikuwepo na sikuwepo.

Alfajiri ya Pasaka ndo naikumbuka. Wapiga tarumbeta walianza kuzunguka kijijini saa tisa usiku, nyumba kwa nyumba, wanapiga nyimbo za Pasaka kuamsha watu, unasikia wako mbali upande wa mashamba ya chai, alafu kimya, alafu ghafla wako nyuma ya migomba yenu na mbwa wote wamechanganyikiwa. Saa kumi na moja tuko nje ya kanisa. Mchungaji anasema "Bwana amefufuka!" sisi tunaitika "Amefufuka kweli kweli!" na msafara unaelekea makaburini. Desturi hiyo walianza vijana wa Herrnhut mwaka 1732, walipanda kilimani kwenye makaburi yao alfajiri ya Pasaka kuimba, na Wamoraviani popote walipokwenda wakaenda nayo. Kwetu liturujia nzima, yani sala za ibada hiyo, inasomwa pale pale katikati ya makaburi, tumesimama, tunasubiri jua.

Mzee mmoja wa kanisa alinipa karabai niibebe mbele ya mchungaji. Naamini bibi ndo alimwomba anipe. Pasaka huwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, ule wa kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo alfajiri ile mwezi ulikuwepo juu, siku tatu tu tangu ujae, ila ukungu ulikuwa mzito mpaka wote umekuwa weupe hafifu usioonyesha hata mguu wako. Taa ilikuwa hiyo moja. Kulikuwa na tochi ya mzee wa kanisa lakini betri zilikuwa zimechoka, inawaka nyekundu kama kaa la moto.

Pale makaburini kuna njia inashuka kidogo, udongo mwekundu, utelezi. Nikateleza. Sikuanguka, nilijishika kwenye mti, lakini karabai ilijigonga kwenye goti langu. Mnaoijua karabai mnajua kale kamfuko kanakowaka ndani ya kioo, kakishawaka mara moja kanabaki jivu tupu linalojishikilia lenyewe, ukikatikisa kwa nguvu kameisha. Nilikaona kanamomonyoka, kakadondoka kama unga, moto ukaruka mwekundu mara moja, nikafunga haraka, ikabaki sauti ya pampu inapumua na harufu ya mafuta ya taa. Giza. Mchungaji alikuwa yuko ukurasa wa kwanza.

Alijaribu kuendelea kwa kukumbuka akakwama. Alikuwa mgeni kidogo kwetu, liturujia aliijua ya kitabuni, ya Kiswahili. Watu kimya. Mimi nimesimama na lile dude la moto mkononi, naona nimeharibu Pasaka ya watu wote, machozi yananitoka na nashukuru hakuna anayeniona.

Ndipo sauti ikaanza upande wa akina mama wazee. Kinyakyusa. Ilikuwa sauti ya bibi, si kubwa, ile sauti yake ya kawaida ya kuita kuku, akaendelea kuanzia pale pale mchungaji alipoachia. Na mwingine akaingia, na mwingine, wale vikongwe waliofundishwa liturujia hiyo kwa kinywa wakiwa wasichana, wanaisema polepole, wote pamoja, wanapumua mahali pamoja, Kyala, ndo Mungu kwetu, Baba, Mwana, Roho Mtakatifu, na kila baada ya kipande wanasema kwamba hilo wanalisadiki kwa kweli. Mchungaji akanyamaza akawa anaitika pamoja na sisi.

Nilikuwa naisikia liturujia hiyo kila mwaka tangu nabebwa mgongoni. Ila kuna kipande kimoja nilikuwa sijawahi kukisikia kweli, nacho kikanifikia gizani kwa sauti ya bibi yangu mwenyewe, kwamba mimi kwa akili yangu na kwa nguvu zangu siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumwendea, ila Roho Mtakatifu ndiye aniitaye kwa Injili. Baadaye sana nilikuja kujua maneno hayo yametoka kwenye Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529. Alfajiri ile sikujua chochote. Nilichojua ni kwamba bibi yangu, aliyekuwa anaamka saa kumi kila siku kuomba, anasema mbele za watu na mbele za makaburi kwamba hawezi. Hawezi mwenyewe. Miezi mitatu nilikuwa nadhani mimi peke yangu ndo siwezi, na kwamba kutoweza huko kumenitoa nje, kumbe ni mstari umo ndani ya sala, unasemwa kila Pasaka na watu wote, na mimi nimesimama katikati yao nautamka.

Kuna mahali wanakumbukwa waliolala tangu Pasaka iliyopita, na majina husomwa kwenye karatasi. Karatasi ilikuwepo, mwanga hakuna. Mchungaji akasema basi kila nyumba itaje wa kwao. Wakaanza kutaja, jina moja huku, jina kule, kwenye ukungu humwoni anayesema. Bibi alikuwa amesimama karibu yangu, nilijua kwa harufu ya moshi kwenye kitenge chake. Nikamsubiri ataje, hakutaja. Nikasubiri tena. Akanishika mkono ule wenye karabai, mkono wake wa baridi, mkavu, akanipunguzia uzito wa taa kidogo, hakusema neno.

Nikalitaja jina lake. Majina yote mawili, la nyumbani na la ubatizo.

Kulipambazuka taratibu, jua lenyewe hatukuliona, ukungu tu ulibadilika rangi ukawa kama maziwa, misalaba ikaanza kuonekana mmoja mmoja, alafu nyuso, alafu mahindi ya jirani nje ya uzio yamesimama yanachuruzika maji. Tarumbeta zikapigwa. Miguu yetu wote myekundu mpaka magotini. Nilimfuata yule mzee wa kanisa nikamwambia mimi ndo nimeharibu karabai, akaiangalia, akasema kile kinauzwa Tukuyu dukani, kitu kidogo.

Nyumbani bibi alibandika chai, akakaa kwenye kigoda. "Mume wangu, leo hujanisomea." Nikaleta kitabu, nikafungua tarehe 7, nikasoma, na nilipomaliza sikufunga. Nikamuuliza kama naweza kuomba mimi. Akaweka kikombe chini, akafumba macho.