Kalenda ya Mtoto Kwanza, Biashara Ijipange Humo

Sisi wazazi tunaofanya biashara zetu tushazoea kuambiwa mshika mawili moja humponyoka. Anakuambia ndugu, anakuambia mteja, na kuna siku hata wewe mwenyewe unajiambia usiku umekaa na hesabu hazijaisha na mtoto keshalala hamjaonana. Mimi kwenye hili sikubali kabisa. Nimewaangalia wazazi wenzangu waliojiajiri, nimeangalia na ya kwangu, na naona kinachoponyoka karibu kila mara ni kile ambacho hakikuwekewa nafasi mapema. Na mara nyingi kitu hicho ni familia, kwa sababu mteja ana dedlaini, mkopo una tarehe ya rejesho, ila mtoto hatumi invoisi.

Kwa hiyo mwaka ukianza, kabla sijaandika malengo yoyote ya mauzo, naanza na ya nyumbani. Shule zinafunguliwa lini zinafungwa lini, mitihani lini, kikao cha wazazi lini, mdogo anatakiwa kliniki lini (kadi ya chanjo inasema yenyewe), birthdei, likizo ya mwenzangu kama kaajiriwa. Vitu hivi vinajulikana miezi mingi kabla na bado watu tunavishtukia kana kwamba shule imefungwa ghafla! Nikimaliza hapo ndo nachukua biashara: miezi ambayo oda zinakuwa nyingi, miezi ya kupooza, kodi inalipwa lini, stoki inaagizwa lini. Vyote kwenye kalenda moja, usiweke kalenda ya kazi kwenye simu na ya familia ukutani, maana faida yote iko pale unapoziona zinagongana. Ukiona mwezi wa oda nyingi ndo huohuo mtoto yuko nyumbani kutwa na umeliona hilo miezi mitano kabla, una nafasi ya kutafuta mtu, kusogeza kazi, kuongea na bibi yake au shangazi yake akae naye. Ukiliona wiki moja kabla unabaki kuomba omba tu na kila mtu ana mipango yake.

Kuna kitu cha pesa hapa ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Kama wateja wako wanalipa baada ya siku 30 au 60, mwezi ambao hukufanya kazi sana hauumi mwezi huohuo, unauma mwezi mmoja au miwili mbele. Yaani unapunguza kazi mtoto akiwa likizo, mnafurahi, akaunti bado ina pesa za kazi za nyuma, halafu shule zikifunguliwa na ada inatakiwa na yunifomu imekuwa fupi ndo shimo linafika. Likizo haikukosewa, kilichokosekana ni kuhesabu mbele. Pesa ya kuziba shimo hilo inatengwa kwenye miezi ya oda nyingi, na inatengwa kwa jina kabisa, ukiiacha kwenye mzunguko wa biashara itageuka stoki na hutoijua ilikoenda.

Sasa tuje kwenye magonjwa, maana hapa ndo plani za wengi zinapofia. Mtoto mdogo anayeshinda na wenzie shuleni au kwenye kituo cha kulelea watoto kupata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka ni jambo la kawaida kabisa, madaktari hawalishangai. Mafua yanaweza kuchukua wiki, kikohozi kikabaki hata baada ya hapo. Mara zote hizo si kila mara atashindwa kwenda shule, lakini hebu piga hesabu ukiwa na watoto wawili, na kumbuka na wewe mwenyewe utaambukizwa. Hiyo si dharura tena jamani. Dharura ni kitu usichokitegemea, hiki kinakuja kila mwaka, hujui tarehe tu. Kwa hiyo mimi naona mzazi anayejaza wiki yake kazi mpaka ukingoni kwa asilimia mia anakuwa amepanga kwa kudhani mtoto hataumwa, na mtoto ataumwa.

Chukua mfano wa tetekuwanga. Mtoto anatakiwa abaki nyumbani mpaka malengelenge yote yamekauka na kuwa magamba, mara nyingi ni kama siku 5 tangu upele utoke. Wengi tunaishia kuhesabu hapo, tunamwambia mteja nipe wiki moja nitakuwa sawa. Lakini ugonjwa huu unakaa mwilini siku 10 mpaka 21 kabla haujajionyesha, kwa hiyo kama mdogo wake hajachanjwa na hajawahi kuumwa, uwezekano mkubwa yeye ataanza wakati huyu wa kwanza ameshapona na wewe umeshaahidi watu kuwa umerudi kazini! Ukijua hilo siku ya kwanza tu upele unapotoka unawaandikia wateja kuhusu wiki zote mbili, hii ya sasa na ile ya mdogo wake itakayofika kama wiki mbili tatu mbele, na hakuna anayeona umemdanganya.

Na tusisahau sisi hatuna ruhusa ya ugonjwa. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unasema mama apate likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, lakini uliandikwa kwa ajili ya wanawake walioajiriwa. Aliyejiajiri sehemu nyingi anabaki kujilipa mwenyewe. Ndo maana kwa mama anayetarajia na ana biashara yake napenda kumwambia wazi, wiki hizo zipange kama mwajiri angezipanga, uziwekee pesa, uzitangaze kwa wateja, na usijidanganye kwamba mtoto mchanga analala muda wote kwa hiyo utafanya fanya kazi. Analala kweli lakini ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24. Ukiweka nusu saa kila mara hizo ni saa 4 mpaka 6 za kunyonyesha tu, bado kubadilisha nguo, bado kuoga, na mwili wako bado unapona.

Upande wa muda wa kazi zenyewe, wataalamu wa saikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia yetu binadamu ya kukadiria kazi kwa muda mfupi kuliko itakavyochukua, hata kama kazi za namna hiyohiyo tulishazifanya huko nyuma na zikachelewa. Baadaye, kwenye utafiti uliotoka mwaka 1994, wanafunzi wa chuo waliulizwa watamaliza lini tasnifu zao, wakakadiria kama siku 34 kwa wastani. Wakaulizwa tena na mambo yote yakienda vibaya je? Wakasema kama siku 49. Walikuja kutumia zaidi ya 55. Yaani hata pale walipoambiwa wawaze mabaya bado hawakufika kwenye ukweli. Mimi somo hili nimelichukua kwa namna moja tu, sijiulizi kazi hii itachukua muda gani, naangalia kazi kama hii mara ya mwisho ilichukua muda gani, na hiyo mara ya mwisho mtoto alikuwepo, homa zilikuwepo, shule ilipiga simu, vyote viko ndani ya ile namba tayari. Tarehe ninayompa mteja inatoka hapo. Kuna wateja watakaoenda kwa mwingine anayeahidi haraka zaidi na ni sawa, waende salama. Wanaobaki wanajua nikisema tarehe fulani ni tarehe fulani.

Kuhusu usiku nina maneno kidogo. Wazazi wengi kwenye biashara plani yao ni "watoto wakilala ntafanya". Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12, mtu mzima saa 7 au zaidi. Mtoto akilala saa mbili usiku akaamka saa kumi na mbili asubuhi ni saa 10. Toa 7 zako unabaki na 3, na ndani ya hizo 3 kuna vyombo, kuna nguo za kesho, kuna kuoga, kuna mwenzio ambaye hamjaongea tangu asubuhi. Kazi ya maana ya kichwa inayobaki hapo ni kama saa moja hivi, labda na nusu, wakati tunaipangia kana kwamba ni zamu nzima ya pili. Inayolipa hiyo tofauti ni afya yako na uvumilivu wako kwa watoto asubuhi yake, na watoto wanaujua uchovu wetu kabla hata hatujafungua mdomo. Bora hesabu iwe ya kweli tu, usiku uchukue kazi ndogo isiyohitaji akili nyingi, na zile nzito zikae mchana wakati kuna mtu mwingine anayemwangalia mtoto.

Na nasisitiza mtu mwingine. Kukaa nyumbani na laptopu huku mtoto wa miaka miwili anazunguka sebuleni si mpango wa malezi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, hasa ile ya kwanza ikiwa haijaisha, sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka. Alikuwa anaongelea watu wa maofisini lakini kila mzazi anayejibu meseji za wateja huku mtoto anamsimulia ya shule anajua ni kitu gani. Mwili uko pale, unasema "enhee, enhee", na mtoto anarudia sentensi ileile mara ya tatu. Kwa hiyo mimi nachagua nusu saa ambayo simu iko chumba kingine na notifikesheni zimezimwa kuliko jioni nzima ya kugawana macho. Nusu saa hiyo inaandikwa kwenye kalenda kama miadi ya mteja mkubwa na haihamishwi na mteja yeyote. Kabla ya kuingia nayo naandika kikaratasi kazi imeishia wapi na kesho naanzia wapi, hiyo inasaidia sana akili kukubali kuachia.

Kama una mwenzi, kaeni mara moja kwa wiki mpitie wiki inayokuja, nani anampeleka, nani anamchukua, nani akipigiwa simu na shule ndo anaondoka kazini. Hilo la mwisho ndo wanandoa wengi hawalisemi, linabaki linadhaniwa tu, na mara nyingi linaangukia kwa mama au kwa yeyote aliyejiajiri kwa sababu "wewe si bosi wako mwenyewe". Liongeeni siku mna amani, msisubiri siku mtoto ana joto 39. Kama unalea peke yako basi mazungumzo hayo yanafanyika na dada yako, rafiki, jirani, yeyote aliyekubali kuwa mtu wako wa pili, na aambiwe kabisa kwamba yeye ndo wa pili, asije akajua siku ya tukio. Na biashara nayo inahitaji mtu wa pili. Awepo mmoja anayejua pasiwedi iko wapi, oda zinazosubiri ni zipi, nani anadai na nani anadaiwa, na ana ruhusa ya kuamua mpaka kiasi fulani cha pesa bila kukupigia. Mwandikie, usimwambie kwa mdomo tu.

Watoto wenyewe wana haki ya kujua plani. Mdogo haelewi "wiki mbili" wala "nikimaliza hii projekti", anaelewa "tukilala halafu ukiamka halafu ukirudi shule, mimi nitakuwepo". Mkubwa kidogo muonyeshe kalenda, achague mwenyewe siku yake, aandike kwa mkono wake. Na kitu kama hakiko mikononi mwako usimuahidi, mwambie "najaribu", maana akishazoea kwamba neno lako la kazini ni la uhakika na la nyumbani linategemea, hilo halirekebishwi na zawadi.

Plani yenyewe haidumu, na hili wengi linawakatisha tamaa wakati ni kawaida tu. Umejenga siku yako yote juu ya usingizi wa mchana wa mtoto, anafika miaka mitatu minne mitano anaacha kulala mchana na saa zako mbili bora zimeondoka. Anaanza shule, muda unarudi lakini kwa umbo jingine. Anafika umri wa kubalehe na kumbe sasa ndo anataka kuongea, tena usiku, wakati wewe ulishazoea kuwa huru. Kwa hiyo kila muhula ukiisha fungua ile kalenda tena, uanze na tarehe za shule za muhula unaofuata, upande wa biashara uache wazi kwanza.